Bomba la Hewa Baridi

Kibondo,
14 Agosti 1975

Baba mdogo Isihaka,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima. Mama naye ni mzima, ila goti la kushoto linamsumbua kila asubuhi mpaka jua lipande. Mwanaamina yuko salama na amekuwa wawili, mwezi wa tano sasa. Hataki hata kusikia harufu ya wale samaki migebuka, na mama anasema kwa ukorofi huo aliyemo tumboni ni wa kiume. Tunakula unga wa njano kama watu wote. Tumeshauzoea, ila midomo haijaacha kulalamika.

Habari kubwa ni kwamba tangu Aprili mimi ni dereva wa Mzee Abdalah. Amenipa Landrova ile ile aliyokuwa akiiendesha marehemu baba. Injini ilifanywa upya Kigoma baada ya ajali, na bodi ikapigwa rangi ya kijani, lakini usukani ni ule ule, na pale baba alipokuwa akiegemeza kiwiko dirishani hawakupaka, na rangi ya zamani bado imechubuka. Siku ya kwanza nilikaa ndani dakika nyingi kabla sijaiwasha.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita nilikuwa natafuta jembe uvunguni mwa kitanda cha mama, nikakuta lile bomba la bati ulilomtengenezea baba. Nililitambua mara moja. Nakumbuka nikiwa darasa la saba mlikuwa mkibishana juu yake pale gereji kwako. Ulisema injini ikivuta hewa ya ndani ya boneti inavuta joto, na injini iliyovuta joto haipandi mlima. Basi bomba litoke kwenye eakilina, kile kichujio cha hewa, lipite chini ya madigadi, mdomo wake uje mbele nyuma ya bampa, palipo na upepo wa baridi. Baba aliliita pua ya chini.

Nimelifunga. Fundi mmoja hapa amelipiga riveti kama ulivyokuwa umelipiga wewe. Baba mdogo, gari limekuwa gari! Napanda mlima wa Kumsenga na magunia kumi na mawili ya maharage bila kufika gia ya kwanza. Madereva wenzangu wanainama kuchungulia kama wanaotafuta kuku chini ya ghala.

Sasa mvua zinakaribia. Baba aliwahi kuniambia kwamba wewe na yeye mlikuwa na namna ya kulikinga bomba hili na maji, lakini hakuwahi kunionyesha. Nifundishe. Safari zangu nyingi ni za Makere, na kivuko cha Nyamihanga unakijua.

Mwanao,
Tamimu Athuman


Kasulu,
2 Septemba 1975

Mwanangu Tamimu,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na sita kutembea njia ambayo gari huitembea siku moja, kwa hiyo usiseme nimechelewa. Hapa tu wazima. Mama yako mdogo anakusalimu na kumpongeza Mwanaamina. Anasema mwenye mimba asiyetaka migebuka atazaa mtoto mvivu wa kuogelea. Mimi simo. Kasulu kuna vumbi, na tangu operesheni ya vijiji watu wote wamejengewa kandokando ya barabara, hata mbuzi wamejifunza kusubiri gari lipite.

Uliponieleza habari za magoti na unga nilidhani unataka kuniomba kitu. Kumbe unataka elimu.

Bomba, litoe. Litoe kabla ya mvua ya kwanza, tena litoe leo ukishamaliza kusoma. Mdomo wa eakilina uache ulipotengenezewa, juu, ndani ya boneti. Gari likihema mlimani liache liheme. Sijaona mtu aliyekufa kwa kupanda mlima polepole.

Na mama yako kwa nini aliliweka? Nilidhani lilikwenda na maji.

Usiniulize zaidi. Mimi ni fundi na nimeshasema. Msalimie mama yako, mwambie goti alikande kwa maji ya moto na chumvi.

Baba yako mdogo,
Isihaka


Kibondo,
27 Septemba 1975

Baba mdogo,

Shikamoo, na poleni kwa saumu. Sisi tumefunga wote isipokuwa Mwanaamina. Goti la mama linaendelea. Maji ya chumvi amekanda, na amesema nikwambie hivi: umekumbuka goti lake.

Sikuelewa maana ya maneno hayo, lakini amesema niyaandike, nami nimeyaandika.

Kuhusu bomba, nisamehe kama nitaonekana nakujibu. Mtu akiambiwa acha, hupenda kujua anaacha kwa nini. Baba alilitumia miaka miwili. Kilichomuua si bomba. Watu wote hapa wanasema ni mafuriko, na kwamba alikuwa mbishi, aliambiwa asubiri akaingia. Mimi si mbishi. Mimi nauliza kwanza, ndiyo maana nakuandikia. Nikilitoa, Mzee Abdalah atauliza mbona gari limerudi kuwa kobe, nami sina la kumjibu ila kwamba baba mdogo amesema.

Kuna jambo jingine ambalo nimekuwa nikiogopa kulitaja. Hukuja mazikoni. Tukasema barabara imekatika. Hukuja arobaini, tukasema una kazi. Imefika miaka mitatu. Kanzu ya baba na saa yake ya mkono mama aliviweka kwa ajili yako, kama ilivyo desturi, ndugu wa marehemu aje achukue. Kila mwaka anaianika kanzu na kuikunja tena. Watu wa ukoo waliwahi kumuuliza kama shemeji yake amemkataa. Mimi sikulaumu, ila ningependa kujua kama tulikukosea.

Idd njema.

Tamimu


Kasulu,
19 Oktoba 1975

Mwanangu Tamimu,

Hamkunikosea kitu. Naanza na hilo nisije nikalisahau. Mama yako hajanikosea, wewe hujanikosea, na marehemu hakunikosea siku hata moja tangu tukiwa watoto Ujiji, isipokuwa mara alipoiuza kofia yangu.

Tu wazima. Mvua haijaanza lakini jioni mawingu yanajikusanya upande wa Heru, nami sipendi kuyatazama. Nimekuwa mtu wa kulala mapema.

Nimeona hutalitoa. Umerithi shingo ya baba yako. Basi kama hutalitoa, shika haya.

Kwanza, ukifika mtoni shuka. Pima maji kwa miguu yako mwenyewe, usitume mtu. Yakipita goti usiingie. Pili, legeza mkanda wa feni uutoe, maana feni ikikutana na maji inayarusha juu ya injini yote. Tatu, funga turubai mbele ya gari, kuanzia juu ya boneti mpaka chini ya bampa, ili maji yasukumwe pembeni. Nne, gia ya kwanza, mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, usikanyage ghafla, usibadilishe gia katikati. Ng'ambo ukifika, fungua eakilina uangalie kama kuna unyevu.

Ukifanya hivyo utavuka.

Nimeandika haya nikiwa nimesimama kwenye meza ya gereji, ndiyo maana mwandiko umekuwa wa kuku. Ningependa zaidi ulitoe. Nakuomba ulitoe. Kanzu mama yako ampe mtu mwingine.

Isihaka


Kibondo,
16 Novemba 1975

Baba mdogo,

Shikamoo. Asante sana kwa mafundisho, nimeyanakili kwenye daftari na nimenunua turubai. Mvua zimeanza tarehe tano. Nimeshavuka Nyamihanga mara mbili, maji yakiwa chini ya goti, na gari halikupiga chafya. Mzee Abdalah amefurahi.

Mara ya pili nilikutana na mtu pale kivukoni anaitwa Nsengimana. Alikuja kutoka Burundi mwaka ule wa sabini na mbili na familia yake, akapewa shamba karibu na mto, na sasa ndiye anayewaongoza watu kuvuka kwa fimbo. Aliponiona naifunga turubai akalizunguka gari mara mbili, kisha akaniuliza gari hili limepakwa rangi lini. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa nani, akavua kofia.

Yeye alikuwepo, baba mdogo. Alikuwa amesimama ukingoni siku ile. Nakuandikia alivyosema, kwa sababu sijamwambia mama na siwezi kukaa nalo peke yangu.

Anasema hakukuwa na mafuriko baba alipoingia. Maji yalikuwa ya goti, watoto walikuwa wanavuka. Gari lilifika katikati likakohoa mara moja likanyamaza. Abiria wakashuka wakatembea hadi ng'ambo, wote salama. Baba akachukua hendeli, kile chuma cha kuwashia kwa mkono, akaenda mbele ya gari kuizungusha injini. Nsengimana anasema, "Haikuzunguka. Alisukuma kwa mikono, akasukuma kwa kifua, ilikuwa kama imepigiliwa misumari. Tulimwita atoke. Akasema gari ni la mtu." Alihangaika nayo muda mrefu. Ndipo maji ya mvua ya milimani yakashuka yote kwa pamoja, na yeye bado ameinama mbele ya bampa.

Kwa hiyo hakuwa mbishi kama wanavyosema. Aliingia kwenye maji ya goti, kama ulivyonifundisha wewe. Sasa najiuliza, injini nzima, iliyokuwa imetoka gereji kwako wiki ile ile, ilizimika kwa nini? Na hendeli ilikataa kwa nini? Nimewauliza mafundi wa hapa, kila mmoja ana lake. Wewe utajua.

Mambo mengine ni ya furaha. Kwa kuwa wewe huji, tunakuja sisi. Mzee Abdalah ameniruhusu kuchukua gari kwa Idd ya kuchinja. Tutaondoka Alhamisi tarehe 11 Desemba, mimi, mama na Mwanaamina. Mama mwenyewe ndiye aliyesema. Anataka Mwanaamina ajifungulie Kasulu karibu na hospitali, na kanzu anakuletea mkononi. Usijali kuhusu kivuko. Turubai ninayo na mafundisho yako ninayo.

Tamimu


Kasulu,
Jumapili, 7 Desemba 1975

Tamimu,

Barua yako ya tarehe 16 Novemba nimeipata jana saa kumi jioni. Siku ishirini njiani. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma tena. Leo Jumapili magari hayatembei. Kesho asubuhi Stanislaus anaendesha lori la mbao kuja Kibondo, nitampa barua hii mkononi na nimemwapisha kwa dini yake. Nikikosa yeye nitakuja kwa miguu.

Usivuke. Usivuke mto ule na bomba lile, hata maji yakiwa ya kifundo cha mguu. Msiingie. Kama umeshafunga safari, ipasue barua hii baadaye, kwanza toa bomba.

Sasa nitakueleza kwa nini, na ukishasoma hutaniita baba mdogo tena.

Injini ya baba yako ilizimika kwa sababu ilikunywa maji. Ilikunywa kupitia bomba langu. Hendeli haikuzunguka kwa sababu pistoni zilikuwa zimekuta maji juu yake, na maji hayabanwi kama hewa. Hata watu kumi wasingeizungusha. Nsengimana aliposema imepigiliwa misumari, amesema kama fundi. Mimi nililijua hilo tangu siku nilipoletewa habari ya msiba, nilipoambiwa kwamba alikufa akiwa na hendeli mkononi. Aliyeniletea habari alikuwa analia, nami nilikuwa naona ndani ya ile injini.

Namna tuliyokuwa nayo ya kulikinga na maji ilikuwa moja tu, wala si turubai. Bomba lilikuwa la kiangazi. Kila mwaka siku ya kwanza kumbikumbi wakiruka, yeye alilileta gari na mimi nililipandisha bomba juu, mdomo ukatazama usawa wa kioo. Kumbikumbi wakiruka, pua juu. Hata angekuwa Kibondo akiwaona wanaizunguka taa, alijua kesho yake safari ni ya Kasulu. Mwaka wa kwanza tulilifunga kwa waya na mpira wa tyubu, angeweza kulipandisha hata mwenyewe njiani. Lakini lilikuwa likilegea na kuingiza vumbi, naye akaja kunitania mbele za mafundi wenzangu kwamba nafunga gari kama anayefunga mzigo wa kuni. Nilichukia. Ndipo mwaka wa sabini na mbili nikalipiga riveti. Nikamwambia haya, jaribu sasa kulilegeza.

Mwaka huo kumbikumbi waliruka Jumatatu usiku. Jumanne asubuhi alikuwa amesimama mlangoni kwangu. Nilikuwa nimefungua gia boksi ya gari la watu, vyuma vyote viko chini kwenye turubai, na kukata zile riveti ni kazi ya nusu siku. Nikamwambia rudi Ijumaa. Akasema, "Ijumaa nitakuwa Kibondo, na kumbikumbi wameruka, ndugu yangu." Nikamwambia mvua ni ya jana tu, mito bado haijaamka, pima kwa mguu, yakipita goti usiingie. Akacheka, akaondoka.

Maneno yale ya goti, Tamimu, ndiyo niliyokuandikia wewe Oktoba. Yale yale. Niliyajua kuwa ni ya uongo nilipoyaandika. Mdomo wa bomba lile ukilifunga nyuma ya bampa unakaa chini ya goti la mtu mzima. Na maji yaliyosimama kwenye goti, gari likiyasukuma, hupanda mbele yakawa ya paja. Turubai huyazuia gari likiwa kwenye mwendo. Jiwe moja likikupunguza mwendo, maji yanarudi ndani kwa pamoja. Umevuka mara mbili kwa sababu Mungu amekuwa akikutazama, si kwa sababu nilikufundisha. Niliona ni heri nikupe nusu ya ufundi kuliko kukupa sababu nzima. Niliogopa. Niliogopa macho ya mama yako kuliko nilivyoogopea roho yako, na hilo ndilo linalonifanya nisilale.

Kwa hiyo mazikoni sikuja kwa sababu hii. Barabara haikuwa imekatika. Nilifika mpaka Makere nikageuka.

Usimvushe mama yako. Usimvushe yule binti na mimba yake. Toa bomba, kata riveti kwa patasi, eakilina ivute hewa ya ndani ya boneti, hata gari lipande mlima kwa kulia. Kisha kaeni Kibondo.

Isihaka


Kasulu,
20 Desemba 1975

Tamimu mwanangu,

Idd imepita leo wiki. Hamkuja. Tulichinja, nyama imeliwa na majirani. Stanislaus naye hajarudi. Watu wanaotoka Makere wanasema barabara imefungwa na maji tangu tarehe 11, na kwamba kuna gari lilionekana kivukoni. Mmoja anasema lori, mwingine anasema gari dogo la kijani. Huyo wa pili nimemuuliza mara tano, na kila nikimuuliza anazidi kutokuwa na hakika.

Barua hii sijui nampa nani. Nimekwenda kituoni kila siku asubuhi na jioni. Andika neno moja tu. Usiponisalimia sitauliza. Andika tumefika, au andika tumerudi.

Isihaka


Kibondo,
28 Desemba 1975

Tumerudi. Tu wazima wote watatu.

Sikuanza kwa salamu, na utajua kwa nini. Mama ameniambia nianze nayo. Nimejaribu, kalamu imekataa.

Alhamisi tarehe 11 tulifika Nyamihanga saa nne asubuhi. Lori la Stanislaus lilikuwa ng'ambo ya pili, limenasa matopeni tangu juzi yake. Nilishuka nikapima. Maji yalikuwa chini ya goti, vidole vinne. Nikatoa mkanda wa feni, nikafunga turubai, nikawaambia mama na Mwanaamina wapande. Nilikuwa nimeshawasha, mkono uko kwenye gia, nikaona watu wawili wanavuka kwa miguu wakinipungia. Nsengimana alikuwa amemshika Stanislaus mkono. Stanislaus alikuwa ameshikilia barua juu ya kichwa ili isilowe.

Nilidhani ni salamu za Idd. Nilitaka kuitia mfukoni niisome Kasulu. Stanislaus akasema ameapishwa, hatoki mbele ya gari mpaka niisome.

Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti kile, injini inanguruma. Nilipofika pale pa hendeli nilizima. Mama akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Akasema, "Mimi sijui kusoma, Tamimu, lakini uso wa mtu najua. Nisomee." Nikamsomea. Nilitaka kuruka mahali, nikashindwa, kwa sababu kila nikinyamaza alikuwa ananitazama. Nimemsomea yote, hata pale uliposema uliogopa macho yake. Mwanaamina alikuwa analia. Mama hakulia. Kanzu ilikuwa magotini mwake, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, na alikuwa anaipapasa pembeni kama anayetafuta mahali ilipoanza kufumuka.

Akasema toa hilo bomba.

Sikuwa na patasi. Tulilitoa kwa panga la Nsengimana na jiwe, riveti moja baada ya nyingine, na mimi nimelala chini ya madigadi kwenye matope. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Mkono wangu umekatika kidogo. Tulikuwa bado tumebakiza riveti tatu Nsengimana aliponivuta miguu. Nilitoka nikamuuliza kuna nini, akaonyesha mto. Hakukuwa na mvua juu yetu hata tone. Maji yalikuja mekundu, na magogo ndani yake, yakafunika pale nilipokuwa nimesimama kupima asubuhi, yakapanda ukingo mpaka tukarudisha gari nyuma kwa kusukuma. Mahali pale pa vidole vinne chini ya goti, mti mzima ulipita umesimama.

Nimeota maji hayo kila siku tangu siku hiyo. Mwanaamina akisikia mvua kwenye bati anashika tumbo.

Sasa nakuambia la moyoni. Mara ninapokumbuka Stanislaus anasimama mbele ya gari, nataka kukushukuru. Mara ninapokumbuka barua ya Oktoba, yale maneno ya goti, natamani kukupiga. Yote mawili ni ya kweli na sijui litakaloshinda. Ungekaa kimya siku nne tu zaidi, mngetuzika watatu, na hata hapo ningekuwa nimekufa nikikusifu.

Mama amesema niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiongeze wala nisipunguze. Haya hapa: "Mwambie miaka mitatu nilidhani amenikataa, kumbe alikuwa na hofu. Hofu naijua, ninayo mimi pia. Barua nimeisikia. Sasa nataka kumsikia yeye, kwa mdomo wake, nikimtazama. Kanzu mende hawajaila bado."

Bomba alilichukua mwenyewe, akalirudisha uvunguni.

Tamimu


Kasulu,
17 Januari 1976

Kwa mwanangu Tamimu, na kwa shemeji yangu Mwajabu atakayesomewa,

Barua yenu nimeipata asubuhi hii. Nilipoona neno la kwanza niliikunja, nikaenda kukaa nyuma ya gereji peke yangu, nikarudi nikaisoma iliyobaki. Salamu sikudai.

Sina la kujitetea na sitajaribu. Gereji nimemwachia Bazilio, fundi mwenzangu. Barua hii anatangulia nayo Stanislaus leo, mkononi. Jumatatu napanda gari linalokuja Makere, na kutoka hapo nitatembea. Nimechukua patasi, msumeno wa chuma na bati jipya. Pua ya gari hilo nitaipandisha mpaka usawa wa paa, na nitaifunga kwa waya, ili mtu yeyote aweze kuifungua kwa mikono yake. Ukitaka kunipiga, subiri nimalize kazi hiyo, kisha sitakimbia.

Tangu habari ya msiba sijagusa maji ya mto wowote. Nikikuta kijito nazunguka. Mama yako mdogo anajua, hanicheki. Nikiwaza Nyamihanga naweka spana chini, naacha kazi.

Usije kunichukua na gari. Mwambie Nsengimana anisubiri ukingoni Jumatano mchana, anishike mkono. Nataka kuvuka kwa miguu.

Isihaka